Ukuta wa Vichwa Vitatu

Mume wangu alikufa akiwa ameshachomeka vigingi vinne ubavuni mwa nyumba yetu, hapa Garsen, na kuvizungushia uzi wa mkonge. Hiyo ndiyo iliyokuwa ramani. Karatasi haikuwepo. Alikuwa amezunguka asubuhi nzima na nyundo, akipiga hatua mbele, akirudi nyuma, akisimama mikono kiunoni kama mkaguzi wa serikali, mpaka akaniita na kutangaza, "Chumba cha mama ndicho hiki." Kisha akaokota kipande cha mkaa jikoni kwangu, akachora mlango kwenye ukuta wa sebule kwa upande wa nje, mahali pa kutoboa ili chumba kipya kiungane na nyumba. Mlango wenyewe ulipinda kwa juu kwa sababu alikuwa anachora huku anacheka.

Baada ya mazishi mbuzi wa jirani waliendelea kujikwaa kwenye ule uzi, nami sikuutoa. Kila mbuzi alipojikwaa niliona kama mtu ametajwa.

Msibani baadhi ya wanawake walinung'unika kwamba sikulia vya kutosha. Walisema kweli. Mimi hulia kama ninavyokula: kidogo kidogo, nikiwa nimekaa, bila kuita watu. Na mahali pangu pa kukaa palikuwa kwenye benchi lililoegemea ukuta huohuo wa sebule.

Lazima niueleze ukuta huo, maana habari yote iko hapo. Upande ule hupata kivuli alasiri. Kwa miaka mingi mume wangu aliketi pale na rafiki zake wawili. Mmoja ni mfugaji, ng'ombe wake wako huko tambarare, na kichwa chake hukipaka samli. Wa pili analima mahindi na ndizi kando ya mto, yeye hupaka mafuta ya mgando ya dukani. Mume wangu alipaka mafuta ya simsim, kama mama yake alivyomzoesha tangu utotoni. Wote watatu walikuwa na tabia moja mbaya: wakishanogewa na mazungumzo, waliegemeza vichwa ukutani. Ukuta ulikuwa na rangi ya maziwa. Mwaka baada ya mwaka pakatokea mstari mrefu wa kahawia, ulionenepa mahali patatu, na sisimizi walikuwa wakipanda mpaka kwenye sehemu ya mfugaji na kutulia. Nilifoka. Siku moja niliusugua kwa sabuni na brashi ya kufulia nguo mpaka mkono ukaniuma. Haukutoka. Mafuta yalikuwa yameshaingia ndani ya simiti.

Alipokufa, niliishukuru ile sabuni kwa kushindwa.

Doa lake ndilo lililokuwa la mwisho, upande wa kulia, jeusi kuliko mengine na chini kidogo, kwa sababu alikaa akiteleza kama gunia lisilojaa. Mimi nilipoketi mahali pake, kichwa changu kilifika chini ya doa, pale ambapo shingo yake ingekuwa. Na ule mlango wa mkaa ulipita katikati ya doa hilo. Mtu yule alikuwa amechora mlango juu ya kichwa chake mwenyewe.

Kwa hiyo katika ujenzi ule nilikuwa na neno moja tu: doa lile lisiguswe. Neno lenyewe sikumwambia mtu. Ningeanzaje? Ningemwombaje fundi anitunzie uchafu?

Na kujenga ilikuwa lazima. Mama mkwe wangu aliishi kijijini, upande wa Golbanti, na mto ulikuwa unaukula ukingo karibu na nyumba yake. Pembe moja ya nyumba ilikuwa imeanza kuinama kama mtu anayechungulia maji. Tulipomwambia ahame alijibu kwamba mto ukitaka kuingia utabisha hodi. Macho yake yameingia ukungu. Mto angeusikia, lakini asingeuona. Nikatafuta fundi.

Fundi niliyempata alitoka Bura, kwenye skimu ya umwagiliaji. Huko maji huja kwa mfereji, yakifunguliwa yanakuja, yakifungwa yanakwenda kulala. Mto unaokuja wenyewe bila kuitwa aliuogopa kama simba, na kila alipokunywa chai aliniuliza habari za mafuriko. Alikuwa mtu wa heshima, mwenye mkono safi kwenye kazi na mdomo usiopumzika. Siku ya kwanza alivitazama vigingi, akautazama mlango wa mkaa.

"Mama, ramani hii aliichora nani?"

"Marehemu."

"Alijua. Mlango uko mahali pake kabisa. Nitoboe hapa."

"Subiri kwanza," nikasema. "Mlango ukiwa hapo, mtu akiingia sebuleni atamwona mama mkwe akivaa."

Ilikuwa kweli. Ningetaka ieleweke kwamba sikusema uongo hata mara moja katika ujenzi ule. Nilikuwa na kweli nyingi mkononi, na nilichagua ipi itangulie.

Fundi alikuna kidevu, akakubali, akachora mlango mwingine kwa chaki kushoto kidogo. Nililala vizuri siku hiyo. Kulipokucha nikaona kwamba mlango mpya ulimwokoa mume wangu lakini ulimpitia mkulima katikati ya paji la uso. Sikuweza kumfanyia hivyo mtu aliyetubebea jeneza.

Lakini kabla sijafungua mdomo alifika shemeji yangu, mdogo wake marehemu, amevaa suruali iliyopigwa pasi na viatu vya kwenda ofisini. Aliizunguka kazi, akakohoa.

"Shemeji, mngeweka mlango wa nje. Kesho na keshokutwa chumba kinapangishwa."

"Mama yako bado hajaingia, wewe unampangisha?"

"Nasema tu. Na dirisha liwe kubwa. Na hapa pembeni paongezwe kibaraza. Na paa..."

Fundi aliweka mwiko chini, polepole.

"Sikilizeni jamani," akasema. "Mimi nimejenga nyumba nyingi, na hakuna hata moja iliyobomoshwa na mvua. Zinabomoshwa na maneno. Kuanzia leo sheria ni hii: anayebadilisha ramani, anakoroga simiti ya siku hiyo yeye mwenyewe. Nimemaliza." Akamnyooshea shemeji beleshi. "Karibu, bosi. Tuanze na lile dirisha."

Shemeji alicheka akidhani ni mzaha. Fundi hakucheka. Jirani zangu wawili waliokuwa wakipita na madumu ya maji walisimama kabisa, wakatua madumu. Basi ikabidi shemeji akunje suruali. Alikoroga kama mtu anayemwamsha nyoka, kwa ncha ya beleshi, na simiti ikamrukia mpaka kwenye mkanda. Kabla rundo halijabadilika rangi, dirisha lilikuwa limerudi kuwa dogo, kibaraza kimekufa, na chumba hakipangishwi tena.

"Ramani ya kaka ilikuwa nzuri," akasema, akipangusa viatu kwa majani.

Alipokwenda, nikamkaribia fundi.

"Fundi, kuhusu mlango."

"Mama!"

"Usogee mpaka kule pembeni kabisa, upande wa jikoni. Mama mkwe atakuwa karibu na njia ya choo."

Fundi alinitazama, akautazama ukuta, akanitazama tena. "Mama, huu mlango una miguu?"

"Unayo."

"Na utatembea mpaka wapi?"

"Pembeni. Ukifika pembeni utachoka."

Akanipa beleshi. Nilikoroga simiti ya siku nzima, mchanga, kokoto na yote, nikiwa nimejifunga leso mbili kiunoni, na jirani zangu wakisema huyu mjane amepatwa na nini. Sijawahi kuchoka kwa furaha namna ile. Nilikuwa kama mpishi anayesonga ugali wa harusi. Vichwa vyote vitatu vilikuwa salama, na hakuna aliyejua kwamba palikuwa na vita.

Msingi ulipokuwa umechimbwa na mawe ya kwanza yamelazwa, nilimuaga fundi niende kumchukua mama mkwe. Nilimwachia agizo moja.

"Sakafu ya chumba ipite alama ya maji. Alama utaiona."

Sikumwonyesha alama yenyewe. Kwetu hakuna anayeonyeshwa. Kila nyumba ina mstari wake wa mafuriko, na mwenyeji akitembelea nyumba ya mtu jicho huutafuta mstari huo kabla halijatafuta kiti. Wetu uko nyuma, kwenye ukuta wa jiko, mstari mwembamba wa matope, usawa wa goti. Lakini fundi wa Bura hakuwa na sababu ya kwenda nyuma ya jiko.

Kule kijijini mama mkwe alinisumbua. Alikataa kuondoka bila jiwe lake la kusagia, kisha akakataa bodaboda ya kwanza kwa sababu dereva hakumwamkia. Ilibidi tulale huko. Kesho yake alasiri ndipo tulipoingia Garsen, yeye katikati, mimi nyuma, jiwe mbele kwenye tangi la pikipiki. Nikaona watu wamesimama kando ya nyumba yangu.

Fundi alikuwa amejenga msingi mpaka kifuani pangu.

Kuta tatu za mawe, bila mlango, bila dirisha, zilisimama ubavuni mwa nyumba kama josho la ng'ombe lililopotea njia.

"Jirani!" mmoja wao akaniita. "Mnajenga jukwaa? Mgombea ni nani?"

"Si jukwaa," akasema mwenzake. "Ni mnara wa simu. Angalau tutapata mtandao."

Fundi alishuka kutoka juu ya kazi yake akiwa na uso wa mtu aliyeokoa watoto motoni. "Karibu, mama. Karibu, nyanya. Nimewakinga. Mto ukija, utatukuta juu tunaupungia mkono."

Mama mkwe alishushwa kwenye pikipiki. Alinyoosha mkono, akaugusa ukuta, akaupapasa kwenda juu mpaka vidole vikafika ukingoni, karibu na uso wake.

"Hii ni nini?"

"Sakafu, nyanya."

"Sakafu au dari?"

"Sakafu, nyanya. Ni kwa ajili ya mafuriko."

"Mjukuu wangu, mimi nimeyakimbia mafuriko tangu sijaota meno. Hakuna hata moja lililoniambia nipande mnazi." Akapapasa tena. "Au mnaniweka karibu na mbinguni, nisichoke njiani?"

Watu wakaangua kicheko. Fundi akaona aibu, na aibu ikawa hasira. Akanishika mkono wa gauni akanivusha juu ya mawe mpaka kwenye ukuta wa sebule, ndani ya kile kiboma chake. Benchi lilikuwa limeondolewa siku ya kwanza kupisha kazi.

"Uliniambia sakafu ipite alama ya maji. Alama si ile?" Akauonyesha ule mstari wa kahawia. "Mimi sikukisia, mama. Nimeusoma. Tazama, hapa maji yalipanda, hapa yakatulia, hapa yakapanda tena. Hapa mwisho ndipo palipokuwa na nguvu zaidi, ndiyo maana pakawa peusi. Hayo yalikuwa mafuriko ya mawimbi!"

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikajishikilia ukutani, na ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi. Mtu alikuwa amemsoma mfugaji, mkulima na mume wangu kama mafuriko, bila kumwacha hata mmoja.

"Cheka tu," fundi akasema. "Trekta la kifusi linakuja kesho asubuhi. Nitajaza ndani humu mpaka juu ya mstari, nishindilie, nimwage sakafu. Halafu utanishukuru."

Kicheko kikakatika. Nilikuwa nimehangaika na mlango, nimekoroga simiti kama mwanaume, nimewahamisha watu kutoka kweli moja kwenda nyingine, na sasa doa lote lilikuwa linakwenda kufukiwa kwa udongo. Na kweli zangu nyingine zilikuwa zimekwisha. Ilibaki ileile niliyokuwa nimeikalia.

"Fundi," nikasema, "hayo si maji. Ni vichwa."

"Vichwa vya nini?"

"Vya watu. Palikuwa na benchi hapa. Walikuwa wakiegemea. Hayo ni mafuta. Yule wa mwisho ni mume wangu."

Wale wenye madumu wakasogea karibu. Fundi alisogea, akaugusa mstari kwa kidole, akakinusa, kisha akavua kofia. Sijui kama aliivua kwa heshima au alitaka kujikuna. Alifanya yote mawili.

"Nipelekeni," mama mkwe akasema.

Tulimpandisha kwa kuweka mawe kama ngazi, tukamshusha ndani. Niliushika mkono wake nikauweka mwanzo wa mstari. Akasogea nao polepole, akinusa kila hatua.

"Huyu ni samli. Mfugaji."

"Ndiye, mama."

"Huyu simjui. Anapaka vitu vya dukani." Akasogea tena, akainama kidogo, akasimama. "Huyu wangu."

Kama kweli alisikia simsim baada ya muda wote ule, au alikisia kwa mahali, sijui. Sikumuuliza, na sitamuuliza.

"Hata utotoni alichafua kuta," akasema. "Nilimchapa kwa ajili ya ukuta wa udongo, akahamia ukuta wa simiti." Akatulia, kiganja bado kimelala juu ya doa. "Na mlango ulikuwa upite wapi?"

"Mwanzo ulikuwa upite hapohapo, nyanya," fundi akajibu. "Ramani ya marehemu. Halafu mama huyu akauhamisha kushoto. Halafu akauhamisha tena..." Akanigeukia. Niliiona habari ikimwingia usoni taratibu, kama maji yanavyoingia shamba. "Aaa! Kumbe ile miguu ilikuwa yako!"

Nikakung'uta vumbi la safari kwenye gauni.

"Uliniambia nyanya ataonekana akivaa."

"Angeonekana."

"Uliniambia njia ya choo."

"Iko karibu. Kapime."

Alinitazama kwa muda akitafuta uongo uko wapi, na hakuuona. Akatikisa kichwa. Mama mkwe ndiye aliyeanza kucheka, kwa mafua na kikohozi, akigonga ukuta kwa kiganja kana kwamba anampiga mwanawe begani. "Anakata mlango kwenye kichwa chake mwenyewe! Ndiye huyo. Ndiye kabisa."

Nilimpeleka fundi nyuma ya jiko, nikamwonyesha mstari wa kweli. Aliupima kwa goti lake, akalaani kimyakimya kwa lugha ya kwao, akarudi. Mama mkwe alikuwa ameshatoa hukumu.

"Bomoa mpaka juu kidogo ya goti. Na trekta lije na kifusi cha goti, si cha kifua."

"Nyanya, hilo ni badiliko. Hapa tuna sheria."

"Sheria gani?"

Akaelezwa.

"Nipe beleshi."

"Nyanya, hapana, nilikuwa natania..."

"Nipe!"

Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akakoroga rundo dogo la simiti alilowekewa mbele ya miguu, macho yakitazama upande mwingine kabisa. Fundi alisimama juu yake akiona haya, akijaribu kulichukua beleshi, naye akilivuta.

"Simiti yako nyepesi," akamwambia. "Ni uji wa mgonjwa. Ongeza. Na jambo jingine: ule ukuta usipigwe plasta wala rangi."

"Hilo ni badiliko la pili, nyanya."

"Na mimi nimeliachia beleshi?"

Chumba kilikwisha. Mlango uko pembeni, na mtu hushuka ngazi mbili kuingia sebuleni. Kuta tatu zina plasta na rangi. Ule wa nne, uliokuwa wa nje na sasa ni wa ndani, umebaki kama ulivyokuwa. Tulipoingiza kitanda tukaona jambo ambalo hakuna aliyelipanga: kwa vile sakafu imepanda, vichwa vitatu vimeshuka mpaka usawa wa mto wa kulalia. Fundi anaapa kwamba alilipigia hesabu. Namwacha aape.

Mama mkwe hulala upande wa kulia. Asubuhi hujipaka simsim kichwani, huketi kitandani, huegemea. Juu ya doa la mwanawe limeanza kuota jingine, dogo. Nimeliona. Sijaleta sabuni.

Wale rafiki wawili walikuwa wameacha kuja tangu msiba. Habari za ukuta zilipowafikia, mfugaji alikuwa wa kwanza. Alisimama nje ya dirisha, fimbo begani.

"Shemeji! Nasikia kichwa changu kinalala chumbani kwa nyanya. Heshima yangu iko wapi?"

"Kinakoroma!" mama mkwe akajibu kutoka ndani. "Njoo ukichukue!"

Yule mkulima alikuja siku iliyofuata na mkungu wa ndizi, akisema alikuwa anapita tu, ingawa nyumba yangu haiko njiani kwenda popote.

Kazi ya mwisho ya fundi ilikuwa kupaka rangi ukuta wa nje wa chumba kipya, ule ambao sasa ndio unaopata kivuli alasiri. Alikuwa amenunua rangi ya udongo, nyekundu iliyokolea. Nikamwambia airudishe dukani, alete nyeupe.

"Mama, nyeupe? Na umesharudisha benchi hapa? Wale wazee wawili wataichafua kwa vichwa vyao kabla ya mvua za vuli."

"Ndiyo," nikasema, nikanyoosha mkono anipe beleshi.

"Rangi haikorogwi kwa beleshi," akanijibu, akanikabidhi kijiti.